Moto Ukivuka Mpaka, Nani Alipe?

Mgololo, wilayani Mufindi, msimu wa moto unajulikana: kiangazi kikikolea, kuanzia Agosti hadi mvua zianze. Mtu anasafisha shamba la mahindi, anawasha kiberiti, upepo unageuka. Moto unaingia kwenye misindano ya jirani, aliyeipalilia miaka mingi akihesabu ada za watoto. Jioni amebaki na vigogo vyeusi ambavyo hata kiwanda chetu cha karatasi hakivitaki.

Tunapenda kuliita hilo janga la asili. Mimi sikubali. Radi ni asili. Kiberiti kina mwenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inafanya kuchoma mimea ovyo kuwa kosa la jinai. Tena ipo njia ya madai. Mahakama zetu zilirithi kutoka Uingereza kanuni ya kesi ya Rylands na Fletcher, ya mwaka 1868, pale maji ya bwawa yalipofurika kwenye mgodi wa jirani: ukiweka kitu cha hatari kwenye ardhi yako kikatoroka, unalipa, hata kama hukuzembea.

Shida ni ushahidi, na mfuko. Nani alimwona akiwasha? Akipatikana, mkulima wa ekari mbili atalipa msitu kwa kitu gani? Hukumu bila fedha ni karatasi tu, nayo Mgololo tunayo ya kutosha.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kabla ya kuchoma toa taarifa kwa serikali ya kijiji, fyeka barabara ya kuzuia moto, waite majirani, na usiondoke mpaka majivu yapoe.