Hotuba ya Mwenyekiti: Simu ya Mwenzetu Inasema



Miaka kumi ya kuweka na kukopa ina mengi, lakini hesabu za hisa atazisoma mweka hazina. Sisi tuna habari ya mwenzetu mmoja, mshika ufunguo wa sanduku letu.

Ugonjwa wa sukari ulimharibu macho. Ujumbe wa pesa ukiingia kwenye simu, anaita watoto wamsomee, na namba ya siri anawatajia. Marejesho yakapotea mara mbili. Nani kachukua, hatukujua. Tuseme ukweli, tukamwambia aachie ufunguo. Wazee wetu walibeba pembe kwa miguu, toka Ujiji kupita hapa Tabora mpaka Bagamoyo, na mpagazi aliyeumwa mara nyingi aliachwa njiani. Sisi nasi tulikuwa tunamwacha wetu.

Nesi wa kliniki ndiye alimuuliza, "Mama, dawa zako unazijuaje?"

"Kwa kuambiwa, mwanangu."

Nesi akachukua simu yake ya kupangusa, akaingia kwenye mipangilio, akawasha TalkBack. Ikaanza kusema, Kiswahili hiki hiki! Unapitisha kidole, inataja kilichopo; ukigonga haraka mara mbili, inafungua. Wiki tatu alihangaika, tusidanganyane, mara moja akampigia diwani usiku. Kila siku ya kliniki nesi alimpa dakika chache. Akamwonya namba ya siri asimtajie mtu, na akisoma mambo ya pesa aweke vile vya masikioni.

Kwa kompyuta ipo NVDA, programu iliyoanzia Australia mwaka 2006, nayo inasoma kwa sauti maandishi ya kwenye skrini. Ni ya bure. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo toka 2010, na mji wetu una shule ya viziwi toka 1963. Wenye shida hii si wageni kwetu.

Sasa ombi, Mgeni Rasmi. Nesi yule alijifunzia nyumbani, kwa kaka yake asiyeona. Wenzake wengi hawajafundishwa. Mfuko wetu wa jamii umetenga nauli na chai ya siku mbili, awafundishe manesi wa zahanati za kata. Chumba na ruhusa hatuna, hivyo vinatoka kwenu.

Mwenzetu tumemwomba radhi, na ufunguo tumemrudishia. Sanduku la leo atafungua yeye.