Nani Aone Nini: Lebo katika Kumbukumbu za Ujenzi Wetu



Sisi Kamati ya Fedha tumepewa dakika chache kabla ya bahasha kuanza kupita. Tunajua mhasibu akishika kipaza sauti watu hukumbuka soda zao, kwa hiyo hatutasoma mizania. Tutazungumzia lebo.

Wengi humu tunaishi zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Kayanga na Nkwenda. Tunachangia huku, jengo linapanda kule. Tunaloliona ni picha kwenye kundi la WhatsApp: lori la mchanga, halafu tangazo la msiba, halafu risiti iliyopigwa picha gizani, halafu salamu za Krismasi. Miezi mitatu baadaye mtu anauliza nondo za lenta zilinunuliwa kwa bei gani. Risiti ipo, lakini nani ataifukua? Hapo minong'ono huanza, na mwaka unaofuata bahasha zinarudi nyepesi.

Kwa sababu hiyo kumbukumbu za bweni la wasichana tunalochangia leo zitakaa kwenye programu ya kusimamia ujenzi. Kampuni kubwa duniani hutumia Procore au Autodesk. Sisi inatutosha ndogo. Karibu zote zina lebo, yaani neno fupi linalobandikwa kwenye waraka au picha. Wafugaji wetu wataelewa upesi: ni hereni ya ng'ombe. Makundi yakichanganyika malishoni, hereni ndiyo inayosema huyu ni wa nani. Tofauti ni kwamba waraka mmoja huvaa hereni kadhaa. Ankara ya saruji itavaa "bweni", "msingi" na "malipo", na ukiitafuta kwa lolote kati ya hayo, inatoka. Kwenye faili la karatasi ingebidi ikae mahali pamoja tu.

Lakini mkiacha kila mtu ajitungie lebo, mmoja ataandika "saruji", mwingine "simenti", wa tatu "mifuko", na anayetafuta atapata theluthi ya ankara akidhani amepata zote. Hesabu itaonekana safi nayo ni pungufu. Kwa hiyo orodha ya lebo itakuwa moja, fupi, na mweka hazina pekee ndiye atakayeongeza neno.

Sasa jambo lililokula vikao viwili vya kamati: nani aone nini. Wapo waliosema kila kitu kiwe wazi kwa kila mwanachama, kwa kuwa fedha ni zetu sote. Hoja hiyo ina uzito, na kwa sehemu kubwa tumeifuata. Picha za maendeleo, risiti, hati za malipo na makadirio yaliyopitishwa vitavaa lebo "wote". Tumezuia vichache. Bei za mafundi zitabaki kwa kamati ya manunuzi hadi siku ya kufungua. Mkichelewa kidogo tu kuzifunga, fundi wa pili anajua aliyoandika wa kwanza, na ushindani umekwisha kabla haujaanza. Serikali nayo, kwenye mfumo wake wa manunuzi wa NeST ulioanza mwaka 2023, haifungui zabuni kabla ya wakati. Majina ya wasichana watakaoombewa nafasi kwa sababu ya hali ya nyumbani kwao yataonwa na watu wachache sana. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini hata isingekuwepo: mtoto gani anataka umaskini wa mama yake usomwe na wajomba mia tatu?

Ikiwa lebo ndiyo inayofungua mlango, basi anayeweza kubadili lebo ameshika ufunguo. Watu huweka nywila ngumu kweli kweli, halafu humruhusu kila aingiaye abandike na kubandua. Hapa tumeazima utaratibu mnaoujua. Shule nyingi za nyumbani zimejengwa kwa Force Account, yakiwemo madarasa ya fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021, na pale kuna kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi na kamati ya ujenzi. Aliyenunua si yeye anayepokea. Tutafanya hivyo kwenye lebo: "imepokelewa" itabandikwa na kamati ya mapokezi pekee, "imepimwa" na kamati ya ujenzi baada ya mtaalamu kupima kazi, na "ilipwe" na sisi. Hakuna mtu mmoja mwenye ruhusa ya kubandika mbili kati ya hizo, hata akiwa Mwenyekiti. Kazi isiyovaa "imepimwa" hailipwi. Kumlipa fundi ukuta ambao haujasimama ni butura, na sisi tuliolelewa kwa kahawa tunajua anayeuza maua hubaki na nini wakati wa mavuno.

Ruhusa zitafuata wadhifa, zisifuate jina. Anayetoka kwenye kamati anatoka na ruhusa zake siku hiyo hiyo, bila kuonekana ametuhumiwa.

Tahadhari moja kwa vijana wetu wa TEHAMA watakaotusaidia. Katika programu nyingine lebo hupanga tu, na kufuli huwekwa sehemu tofauti. Unaweza kubandika neno "siri" kwenye waraka na bado kila mtu akausoma. Kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, tutaingia kwa akaunti ya mwanachama wa kawaida, tukajaribu kufungua tusichopaswa kukiona. Na picha iliyokwisha kupakuliwa kwenye simu ya mtu hairudi, hata lebo ikibadilishwa usiku huo.

Mtunza stoo hatalazimika kuwa na simu janja. Ataandika kwenye daftari lenye kurasa zenye namba, atasaini na kamati ya mapokezi, na jioni ukurasa utapigwa picha. Utavaa "haijahakikiwa" mpaka mtu wa pili aulinganishe na mzigo uliopo stoo. Mtandao ukikataa siku mbili, daftari lipo.

Kila atakayechangia leo, awe ametoa milioni au elfu kumi, atapewa njia ya kuingia na kuona vyote vyenye lebo "wote". Meza ya usajili ipo karibu na mlango. Andikeni namba ya simu mnayoitumia kweli, siyo ile ya laini iliyopotea Murongo. Wazee wasiotumia simu janja tutawaletea nakala iliyochapishwa kila hatua ya jengo ikikamilika: msingi, ukuta, paa, umaliziaji. Ya kwanza itatoka msingi utakapopimwa.