Simu Inayosoma Jani la Muhogo

Ndugu wanakisomo, leo tuongee habari ya muhogo. Sisi wa Ukerewe na Sengerema tunaujua uchungu huu: shamba limependeza, ukija kuchimba, ndani umeoza. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Mwingine ni batobato, unaokunja majani. Yote miwili huenezwa na inzi weupe, na sisi wenyewe tunapogawana vipando vyenye ugonjwa.

Sasa ipo programu ya simu iitwayo Nuru. Ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na watafiti wa IITA, ikafundishwa kwa picha za mihogo zilizopigwa humu humu Tanzania. Unaelekeza kamera kwenye jani, simu inaweka alama juu ya picha ya lile jani na kukuandikia, kwa Kiswahili, ugonjwa inaoudhania. Shambani haihitaji intaneti. Lakini iwe simu ya kupangusa, kitochi hakiwezi. Na maandishi yale, ndugu, tutayasoma wenyewe, hatumwiti mtoto.

Ila tusidanganyane. Simu huona jani tu, haioni ndani ya muhogo. Tusipime jani moja. Batobato tuitafute kwenye majani machanga ya juu, michirizi kwenye majani ya chini yaliyokomaa. Na kabla ya kukata vipando, tung'oe mashina mawili matatu, tupasue muhogo wenyewe. Ukiona madoa ya kahawia, usimpe mtu hata pingili moja, awe jirani, awe shemeji.