Mzani wa Fedha za Simu

Leo tutazungumza juu ya wezi wasiovunja mlango. Wezi hawa hutumia simu.

Ninyi wakulima wa kahawa mnaijua kazi ya mzani. Mtu akikwambia, "Gunia lako lina kilo hamsini," humwamini kwa maneno tu. Walipandisha gunia mzanini, nawe waisoma namba kwa macho yako. Fedha zilizo katika simu nazo zina mzani wake. Mzani huo huitwa salio, yaani fedha ulizo nazo hivi sasa.

Tazameni mfano huu. Mama mmoja ameuza kahawa. Katika simu yake ameweka shilingi 80,000 za kununua sare na madaftari ya watoto. Mara unaingia ujumbe: "Umepokea shilingi 60,000." Papo hapo simu inalia. Mtu analalamika, "Mama yangu, nimekosea namba! Ni fedha za mgonjwa. Nirudishie upesi!" Mama anaona huruma, anatuma. Jioni anatazama salio: hazifiki hata 20,000. Hakuna fedha iliyoingia. Ujumbe ule aliuandika mwizi mwenyewe, na mama amempa sare za watoto wake.

Je, ilimpasa kufanya nini? Kwanza, angetazama salio kabla ya kutuma. Kama halikuongezeka, hakupokea kitu. Pili, angesoma ujumbe umetoka wapi. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la huduma yenyewe, si kwa namba ya simu ya mtu. Tatu, angemjibu yule mtu, "Piga simu kwa kampuni, wao watakurudishia." Aliyekosea kweli atakubali. Mwizi atakasirika.

Wako wengine huandika hivi: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Ujumbe huo hupelekwa kwa watu wengi. Ukimfikia mtu aliyekuwa karibu kumtumia ndugu yake fedha, hunaswa. Basi, mpigie ndugu yako kwa namba yake unayoijua, usikie sauti yake.

Tena, msimpe mtu namba ya siri, hata akisema yeye ni mfanyakazi wa kampuni. Zamani asiyejua kusoma alimpa mtoto au mpita njia simu yake pamoja na namba ya siri. Ninyi mnajifunza kusoma ili mfungue wenyewe na kufunga wenyewe.

Ukipata ujumbe wa wizi, upeleke kwa namba 15040. Namba hiyo imewekwa kwa kazi hiyo. Ukibonyeza *106# utajua pia kama kuna laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua. Na kama umekwisha kuibiwa, usinyamaze kwa aibu. Arifu kampuni mara moja, kisha nenda polisi. Wizi wa namna hii ni kosa katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Someni maneno haya pamoja na mwalimu: salio, ujumbe, wakala, namba ya siri. Kisha kila mmoja atafute salio katika simu yake na kulisoma kimoyomoyo, asimwonyeshe jirani.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.