Utoro wa Siku ya Gulio

Msikilizaji, leo nina neno na mzazi ambaye mtoto wake anakwenda shule. Ndiyo, anakwenda: ameandikishwa, sare anayo, walimu wanamjua kwa jina. Ila siku ya gulio haonekani. Anashinda kwenye meza ya nyanya, au anachunga ng'ombe ili baba aende mnadani. Kesho yake yumo darasani, na nyumbani hakuna anayeona kuwa kimeharibika kitu.

Tupige hesabu. Mwaka wa masomo katika shule zetu za Tanzania una siku 194. Anayekosa siku moja kila wiki, mwaka ukiisha amekosa siku 38 hivi. Zidisha kwa miaka saba ya shule ya msingi, zinapita 260. Yaani mtoto huyo anaingia kwenye mtihani wa darasa la saba akiwa amepoteza mwaka mzima wa shule na ushee, na mzazi ataapa kwamba mwanawe hajawahi kuacha shule. Wala hatakuwa amesema uongo.

Maofisa elimu wanauita utoro wa rejareja. Mtoro sugu hutafutwa. Mtendaji wa kijiji atabisha hodi, mzazi ataitwa ajieleze, maana Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka ahakikishe mtoto anahudhuria mpaka amalize shule ya msingi. Huyu wa rejareja hamshtui mtu. Jumatano kakosa, Alhamisi yupo, yamekwisha.

Kwenye hisabati ndiko anakoumia zaidi. Jumanne mwalimu kafundisha kujumlisha sehemu zenye asili moja. Jumatano, watu wako gulioni, kaingia kwenye asili tofauti na namna ya kutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS). Alhamisi mtoto anakuta mazoezi ubaoni. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kurudia somo kwa ajili ya mmoja, na mtoto naye anaona haya kuuliza, basi anamtazamia mwenzake. Baadaye utasikia, "Huyu hesabu haziwezi." Haziwezi vipi, na zilipofundishwa alikuwa anauza nyanya?

Sisemi wazazi hawana uchungu na watoto wao. Mauzo ya siku hiyo ndiyo unga wa wiki nzima. Tena wako wasichana wanaobaki nyumbani wakiwa hedhini kwa sababu choo cha shule hakina maji wala mlango; hapo kamati ya shule isimtafute mchawi kwa mzazi. Na shule inayomrudisha mtoto nyumbani afuate mchango inazalisha utoro yenyewe, tena miaka yote hii tangu elimu bila ada ianze Januari 2016. Hilo kwangu halina utetezi.

Serikali za vijiji zinaweza kuomba gulio lihamie Jumamosi. Najua wachuuzi huzunguka kwa ratiba, si kila kijiji kitaipata Jumamosi. Palipowezekana, lifanyike. Pasipowezekana, mzazi, mtoto aende kwanza shule, akitoka mchana atakukuta bado unauza.

Na wiki hii pita shuleni. Mwombe mwalimu wa darasa daftari la mahudhurio, uhesabu mwenyewe siku ambazo mwanao hakuwepo.