Tuta la Kijito: Lilinde Likulinde

(Muziki wa kufungua kipindi. Unapungua polepole.)

Uwe Nyarugusu, Nakivale au Kakuma, uwe peke yako mlangoni pa nyumba yako au pamoja na wenzako katika kikundi cha wasikilizaji, karibu. Leo tunazungumza juu ya kitu ambacho watu hukipita kila siku bila kukitazama: tuta la udongo lililojengwa kukatiza kijito ili kupunguza mafuriko.

Maji unayajua. Wewe uliyetoka Uvira unakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika ukabeba nyumba na watu. Wewe uliyetoka Gatumba unakumbuka mwaka huo huo mto Rusizi ulipoingia mitaani. Na wewe uliyepo Kakuma unaujua Tarach: asubuhi ni mchanga mkavu, watoto wanachezea, baadaye maji yananguruma, hata kama kambini halijadondoka tone. Mvua imenyesha mbali, huko juu.

Sasa, tuta la kijito linafanya nini? Watu wengi wanadhani kazi yake ni kuzuia maji yasipite. Sivyo. Kazi yake ni kupokea maji mengi yanayokuja kwa saa chache, kisha kuyaachia kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Fikiria ndoo ya maji. Mtu akikumwagia yote kwa mara moja, unashtuka na kukosa pumzi. Maji yale yale yakitoka kwenye tundu dogo chini ya ndoo, unaoga vizuri.

Tuta kama hilo lina sehemu tatu. Ya kwanza ni tuta lenyewe, la udongo wenye mfinyanzi ulioshindiliwa tabaka juu ya tabaka. Ya pili ni bomba linalopita chini yake, ambalo ndilo tundu la ndoo yetu. Ya tatu ni njia pana pembeni, iliyo chini kidogo kuliko kilele cha tuta, ambayo mafundi huiita utoro. Mvua ikizidi uwezo wa bomba, maji ya ziada yanatorokea hapo.

Kazi hii imejaribiwa miaka mingi. Huko Marekani, katika jimbo la Oklahoma, mwezi Aprili 1934 mto Washita ulifurika na watu 17 wakafa karibu na mji mdogo wa Hammon. Mwaka 1944 serikali ilipitisha sheria ya kukabili mafuriko huko juu, kwenye vijito, kabla maji hayajakusanyika kuwa mto. Julai 1948 tuta la kwanza la mpango huo lilikamilika kwenye kijito kinachoitwa Cloud Creek, karibu na mji wa Cordell. Baada ya hapo yalijengwa mengine karibu 12,000 nchini humo, na zaidi ya 2,000 yapo Oklahoma peke yake. Pamoja na matuta, wakulima walipanda nyasi na kutengeneza makinga maji kwenye miteremko, kwa sababu ardhi iliyo uchi hupeleka matope bwawani, na bwawa lililojaa matope halina tena nafasi ya kupokea mafuriko.

Shika neno hilo, nafasi. Ndilo neno kubwa la leo.

Kiangazi kinapokaribia, mtu mwenye bustani ya mchicha au anayefyatua matofali anayatazama maji yakitoka bombani mchana na usiku, na moyo unamuuma. Anasema, "Maji haya yanapotea bure. Tuzibe bomba, tuwe na akiba." Hoja yake si ya kipumbavu. Maji ni shida kambini, na mama anayepanga foleni kwenye kituo cha maji anaijua shida hiyo kuliko mimi. Lakini ukiziba bomba, bwawa linajaa, na mvua kubwa ya kwanza haikuti nafasi. Maji yanapanda. Utoro nao ukiwa umejaa vichaka, takataka, au kibanda cha mtu, maji yanavuka juu ya tuta. Na maji yakivuka juu ya tuta la udongo, yanalikata. Hukata mfereji mdogo kwanza, kisha mkubwa, kisha tuta lote linaondoka, na maji ya siku nyingi yanashuka kwa dakika chache.

Hayo yametokea karibu nasi. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya, baada ya mvua nyingi, bwawa la udongo la shambani lilipasuka. Watu wasiopungua 47 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Lile halikuwa bwawa la kuzuia mafuriko, lakini udongo ni udongo. Hauulizi ulijengwa kwa kazi gani.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kama kuna tuta juu ya mtaa wenu, haya yafuateni.

Usizibe bomba. Kama mnahitaji maji ya bustani, pelekeni ombi kwa viongozi wa kambi ili mafundi waone la kufanya.

Usichimbe udongo wa tuta kwa ajili ya matofali au kukandika nyumba. Ule udongo mzuri unaoutamani ndio unaowalinda wanao wakiwa wamelala.

Usipande miti juu ya tuta wala kuiacha ikue. Mizizi yake ikioza inaacha njia ndani ya udongo, na maji hupenda njia. Nyasi fupi ndiyo nguo ya tuta. Usiwapitishe mbuzi na ng'ombe mahali pamoja kila siku, maana kwato huchimba mfereji. Mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, yatolee taarifa.

Usijenge ndani ya utoro, hata ukiuona mkavu miaka mitatu.

Sasa sikiliza vizuri dalili za hatari. Tuta linaweza kutoa unyevu kidogo chini upande wa nje, maji yakiwa safi. Hilo liangaliwe, na mafundi wajulishwe. Lakini maji yanayotoka yakiwa ya matope, maana yake yanabeba udongo kutoka ndani ya tuta. Hiyo ni dharura. Vilevile ukiona ufa mpya, shimo lililotitia, upande umeporomoka, au maji yanakaribia kilele.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini hapa sikia: usiende kuziba mwenyewe. Ukisindilia matambara au udongo pale maji yanapotokea, yanatafuta njia nyingine ndani ya tuta, na wewe umesimama mahali pabaya kuliko pote. Ziba ufa kwa mdomo wako: toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa, walinzi wa jamii au ofisi ya kambi. Kisha waamshe majirani wa bondeni, mwende mahali pa juu. Msikimbie kufuata kijito. Pandeni pembeni, mbali nacho. Msivuke maji yanayokimbia, hata kama yanaishia magotini. Wabebeni wazee, watoto, na wale wasioweza kutembea. Vyombo vitapatikana tena.

Najua kuna atakayesema, "Sisi ni wakimbizi. Tuta hili si letu, nchi hii si yetu." Ndugu yangu, maji hayaombi kadi ya mgao. Yakishuka yatapita kwako na kwa mwenyeji wako wa kijiji jirani pamoja. Anayekagua tuta baada ya kila mvua amewalinda wote wawili.

Msimu wa mvua hausubiri. Wiki hii, nendeni watu wawili watatu, mtembee chini ya tuta, mtazame. Ni mwendo wa nusu saa tu.

Maswali ya kikundi cha wasikilizaji:
1. Juu ya mtaa wetu kuna tuta au bwawa? Nani analikagua?
2. Usiku wa mvua, nani atamwamsha nani, na tutakimbilia wapi?
3. Nani kati yetu hawezi kutembea, na nani atambeba?

Msimulie jirani asiye na redio.

(Muziki wa kufunga.)