Pima Kwanza: Jinsi Nilivyofufua Fremu Kuukuu ya Baiskeli ya Milimani

(Hii ni hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wanafunzi wa chuo cha mafunzo ya ufundi, Busia. Imefupishwa kidogo ili itoshee ukurasa.)



Mimi nimezoea kusimama nyuma ya kamera, kwa hivyo mkiona natetemeka mnivumilie. Mwalimu wenu wa karakana aliponialika alisema, "Njoo uwaeleze vijana habari za ile baiskeli." Alikuwa anasema kuhusu ile niliyoiegesha hapo nje chini ya mwembe. Mimi si fundi. Nilisomea uanahabari na kazi yangu ni kuandika taarifa za kaunti. Lakini baiskeli ile nimeiunda kwa mikono hii, tena mara mbili. Mara ya kwanza niliiunda vibaya na mtoto wa dada yangu akaumia. Leo nitawasimulia mara zote mbili.

Sisi watu wa Busia hatufundishwi baiskeli ni nini. Neno boda boda lilizaliwa hapa mpakani, vijana walipokuwa wakibeba abiria kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda. Baiskeli yao ilikuwa Black Mamba, na uzuri wa Black Mamba ni kwamba vipimo vyake havijabadilika tangu zama za babu zetu. Ingia duka lolote la vipuri Nambale au Bumala useme, "Nipe tairi la mamba," hakuna atakayekuuliza swali la pili.

Baiskeli ya milimani si hivyo. Kila miaka michache watengenezaji hubadilisha kitu: upana wa habu, idadi ya gia, aina ya breki. Hizi tunazozipata sokoni ni mitumba iliyoingia kupitia Mombasa, moja ya mwaka huu, nyingine ya mwaka ule, na vipuri vyake vimechanganywa njiani. Ndipo mtu anapoitelekeza nyuma ya nyumba kisha anawauzia watu wa vyuma chakavu kwa kilo.

Na ni jambo la kuchekesha, maana baiskeli ya milimani yenyewe ilianza kwa kufufua fremu kuukuu. Miaka ya 1970, katika Marin County kule California, Marekani, vijana walichukua fremu nzito za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, wakazifunga breki zenye nguvu zaidi, liva za pikipiki, na baadaye gia za baiskeli nyingine, halafu wakashindana kuteremka mlima. Mbio zao zilizojulikana sana, Repack, zilianza mwaka wa 1976. Jina lile lilitokana na breki ya habu ya nyuma, ambayo ilichemka mpaka grisi ikaungua, na ukifika chini ilibidi uipake upya. Mwaka uliofuata mmoja wao, Joe Breeze, akaanza kuunda fremu mpya za kazi hiyo. Kwa hivyo mtu akikucheka kwamba unaokota mabaki, mwambie hiyo ndiyo asili yake.

Sasa fremu yangu. Ilikuwa imelala miaka mingi kwa binamu yangu, bila gurudumu la nyuma. Dada yangu ana kijana wa kidato cha pili, shule ya kutwa, kilomita nane kwenda na nane kurudi. Alikuwa anafika amechelewa karibu kila siku, na tayari alikuwa ameanza kusema shule haina maana. Pikipiki asubuhi na jioni, dada hawezi. Nikasema, nitamtengenezea baiskeli.

Nilianza vizuri, maana nilimwendea mzee mmoja fundi wa soko, mtu aliyeanza kukaza spoki kabla mimi sijazaliwa. Nikamwuliza, "Mzee, fremu hii inafaa?" Hakunijibu. Alitoa sumaku ya spika ya redio akaigusisha kwenye fremu. Ikashika. "Chuma, mwanangu. Ingekuwa aluminiamu ingekataa." Halafu akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akakagua pale mabomba yanapokutana: chini ya usukani, kando ya ekseli ya kranki, na kule nyuma panapokaa gurudumu. Nyufa huanzia hapo. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba wenye kutu ndani ni dalili mbaya. Mwisho alifunga uzi kutoka upande mmoja wa nyuma, akauzungusha mbele kwenye bomba la usukani, akaurudisha upande wa pili, kisha akapima umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana, fremu haijapinda. Vyetu vililingana.

Laiti ningeendelea kumsikiliza! Lakini nilikuwa na haraka ya muhula kufunguliwa, nikaenda kununua vipuri peke yangu.

Kosa la kwanza lilikuwa tairi. Rimu zilikuwa za inchi 26, nikanunua tairi lililoandikwa 26. Liliingia kwa mkono bila hata kutumia kijiko, nikafurahi. Nikajaza upepo. Tairi likaruka nje ya rimu na tyubu ikapasuka kwa mshindo, kuku wakatawanyika. Nilikuwa nimenunua 26 kwa 1 3/8. Jamani, ingawa zote huitwa 26, tairi la milimani huandikwa kwa nukta, mfano 26 kwa 1.95 au 26 kwa 2.10. Lile la sehemu nyepesi, la 1 3/8, ni la baiskeli nyingine kabisa. Tazameni ubavuni mwa tairi, kuna namba ndogo isiyodanganya: la milimani la inchi 26 lina 559, hili nililonunua lina 590. Hizo ni milimita, kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu. Tofauti ni milimita 31, ndiyo maana liliingia kama kofia ya mtu mzima kichwani mwa mtoto. La mamba ni 635. Andikeni namba hizo mahali.

Kosa la pili halikuumiza mtu ila mimi. Ekseli ya kranki ilikuwa imeganda. Nilikaza spana upande wa cheni nikizungusha kinyume cha saa, kama tunavyofungua nati yoyote, mpaka nikachubuka vidole. Mzee alipopita akaniambia, "Unaikaza, mwanangu." Kwenye fremu nyingi za aina hii nyuzi za upande wa kulia zimegeuzwa, unafungua kwa kuzungusha kufuata saa. Pedali ya kushoto pia imegeuzwa. Tuliimwagia mafuta ikalala nayo, asubuhi ikatoka. Kabla ya kununua nyingine tulipima upana wa bomba lile: milimita 68. Nyingine huwa 73. Tukapima na urefu wa ekseli iliyotoka, maana ikiwa fupi kranki itagonga fremu, ikiwa ndefu cheni itaenda mshazari.

Bomba la kiti nalo lilikuwa limefungiwa kipande cha bati ili lisicheze. Mtu aliyetutangulia aliweka bomba jembamba. Haya mabomba hutofautiana kwa milimita 0.2 tu, na saizi huwa imegongwa chini yake, kwa hivyo usikadirie kwa jicho. Na kuna mstari unaoonyesha mwisho wa kulivuta juu. Watoto hurefuka, na bomba likipita mstari huo linavunja fremu.

Gurudumu la nyuma ndipo nilipojifunza mengi. Nafasi ya nyuma ya fremu ilikuwa milimita 130, na gurudumu nililopata, kutoka baiskeli nyingine ya mtumba, lilikuwa na habu ya 135. Kwa kuwa fremu ni chuma, ilikubali kutanuliwa milimita mbili na nusu kila upande, kisha tukarudia kipimo cha uzi. Msijaribu hivyo kwa aluminiamu. Aluminiamu hainyumbuki, itavumilia leo na kukatika kesho, na atakayekuwa juu yake si wewe.

Shifta iliyokuwa usukanini ilikuwa ya gia saba, lakini habu hii ilitengenezewa kaseti ya gia nane au tisa. Nilidhani nimepoteza pesa. Kumbe kaseti ya saba inaingia, mradi utangulize wosha pana ya milimita 4.5 nyuma yake ili isicheze. Dereila, kile kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni, ilikuwa ya gia nane, nayo ikafanya kazi bila tatizo. Ukweli ni kwamba dereila haijui kuhesabu. Anayehesabu ni shifta, kwa hivyo shifta na kaseti ndizo lazima zifanane idadi. Kwa Shimano za milimani, kuanzia gia sita hadi tisa, shifta na dereila huelewana. Gia kumi walibadilisha uvutaji wa waya, usichanganye na hizi za zamani.

Cheni nilitaka kutumia ile ya zamani. Mzee akaweka rula: pingili kumi na mbili za cheni mpya, ukihesabu ya nje na ya ndani kuwa pingili moja, ni inchi 12 kamili. Yetu ilikuwa imezidi kwa zaidi ya moja ya nane ya inchi. Cheni kama hiyo inatafuna meno ya kaseti mpya. Tukaitupa.

Sasa breki. Naomba nisikilizwe hapa hata kama mengine yamewapita.

Fremu ilikuja na breki za kantileva, mikono mifupi ambayo waya huivuta kutoka juu katikati. Zilikuwa zimelika. Nikanunua V-breki, zile zenye mikono mirefu, na zikaingia kwenye vishikizo vilevile bila shida. Liva za usukanini zilionekana nzima, nikaziacha. Nilijiona fundi.

Kumbe V-breki huhitaji waya uvutwe karibu mara mbili ya kantileva. Liva zangu za zamani zilivuta nusu ya unaohitajika. Ili breki ishike, raba zilipaswa kukaa karibu kabisa na rimu. Rimu nayo ilikuwa inayumba kidogo, raba zikawa zinasugua, kijana akalalamika baiskeli ni nzito. Nikazilegeza. Baiskeli ikawa nyepesi, sote tukafurahi. Barazani ilisimama vizuri tu.

Wiki ya tatu mvua ikanyesha. Kuna mteremko kabla ya daraja, wengi wenu mnaujua. Alipobana breki, liva zilifika usukanini na kuishia hapo. Mbele kulikuwa na lori limesimama darajani. Akachagua shamba la miwa. Alivunjika kifundo cha mkono wa kulia, mkono anaoandikia, wiki moja kabla ya mtihani.

Dada yangu hakunisema neno. Alinipa tu risiti ya plasta. Nimeandika taarifa nyingi za ajali katika kazi hii, na katika hii nilijua chanzo bila kumwuliza polisi.

Liva za V-breki zilikuwa zinauzwa kwenye kibanda kilekile, hatua mbili kutoka nilipokuwa nimesimama, kwa bei ndogo kuliko nauli yetu ya hospitali. Nilizinunua. Tukanyoosha rimu kwa spana ya spoki, tukabadilisha waya na maganda yake. Kabla ya kumpa mtu baiskeli, bana liva kwa nguvu zako zote ikiwa imesimama. Ikiwa imeshika kabisa na vidole viwili bado vinapita kati ya liva na usukani, sawa. Ikigusa usukani, usiitoe karakanani, hata mwenyewe akisema ana haraka. Halafu mwagia rimu maji ujaribu tena, ukiisukuma kwa mkono.

Wengi wenu mnasomea ufundi wa magari na uchomeleaji. Vyuo hivi viko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na nyinyi ndio mtakaofungua vibanda kando ya barabara. Mteja atakuja na fremu mgongoni na vipuri kwenye gunia, aseme, "Fundi, hivi vinaingia?" Vingi vitaingia. Swali lake mlijibu kwa kalipa na rula, na mkiona havielewani, mwambieni kabla hajalipa. Anaweza kukasirika akaenda kwa jirani yako. Hilo siwezi kuwadanganya, litatokea.

Kijana alikaa muhula mzima akikataa kuigusa ile baiskeli. Sikumlazimisha. Muhula uliofuata nilimkuta nyuma ya nyumba, peke yake, anabana liva na kupitisha vidole. Sasa anaiendesha, na leo ameniazima kwa masharti niirudishe kabla ya saa kumi na moja.

Tuna muda kama wa nusu saa. Mwalimu ameleta kalipa tatu na tepu. Nimelegeza kitu kimoja kwenye ile baiskeli kwa makusudi. Twendeni mwembeni mkitafute.